Kununua Land Rover 109 ya Zamani: Hatua kwa Hatua, Pamoja na Kazi Usiyoitarajia

"Kaka, nimepata 109 huku Korogwe. Injini inawaka mara moja, rangi mpya, matairi mazuri. Nichukue?"

Ujumbe wa aina hii hunifikia mara kwa mara, na swali langu kwa mtu huyo ni lile lile: umelala chini yake? Wengi hawajalala. Wameizunguka, wamefungua boneti, wamesikiliza mngurumo, wamepiga picha. Wanalipa. Siku ya pili gereji fundi anaigonga chasisi kwa nyundo, na nyundo inazama.

Nimeyapitia. Mwaka 2014 nilinunua 109 pikapu ya Series III iliyokuwa imefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya Tanga. Chasisi ilikuwa imepakwa lami nyeusi nzito, nami nikadhani ni dalili ya matunzo. Tulipoteremsha tangi la mafuta ili kubadilisha bomba moja tu, tukakuta tundu ambalo ngumi yangu iliingia hadi kwenye kifundo. Kazi niliyoipangia wiki 2 ilikula miezi 11. Gari hilo ninalo hadi leo na ninalipenda, ila ningelilipia bei nyingine kabisa kama ningelala chini kwa dakika 20 kabla ya kutoa pesa.

Maelezo haya ni ya Land Rover 109 zenye springi za vyuma vya bapa, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mengi yanaifaa pia ile fupi ya 88.

Uwe na hivi kabla hujaanza

Pesa, katika mafungu mawili. Fungu la kununulia lisizidi nusu ya ulichonacho. Nusu iliyobaki usiende nayo kwa muuzaji, na dalali asijue kama ipo. Kwangu mimi bei ya kununua iligeuka kuwa theluthi tu ya pesa yote iliyotoka hadi gari likaanza kutembea. Kama fedha yako yote inaishia kwenye kununua, subiri, endelea kuweka.

Mahali pa kuliweka. Paezekwe, pawe na sakafu ngumu na mlango unaofungwa. Gari likishafumuliwa hutandazika hadi likachukua nafasi ya magari matatu, na vipuri vya zamani vina miguu.

Fundi wa kuchomelea anayejua chasisi. Mtafute kabla ya gari. Fundi wa mageti na madirisha, hata awe hodari namna gani, hiyo si kazi yake. Gerezani pale Dar es Salaam na Unga Limited kule Arusha wapo mafundi waliokulia kwenye Land Rover; muulize akuonyeshe chasisi aliyoishona mwaka juzi, siyo ya jana.

Vifaa vya ukaguzi: nyundo ndogo, bisibisi nene ya zamani, sumaku iliyovikwa kitambaa, tochi yenye mwanga mkali, turubai la kulalia, utepe wa kupimia wa mita 5, daftari, na nguo ambazo hutazililia zikichafuka.

Spana za inchi. Hili huwashangaza wengi. Gari hili halikufungwa kwa milimita. Nati nyingi za Series III zinataka saizi za inchi kama 7/16, 1/2 na 9/16, na zile za zamani zaidi zina nati za mfumo mwingine wa Kiingereza ambao nao una spana zake. Ukilazimisha namba 13 kwenye nati ya 1/2, siku ya kwanza itashika, siku ya pili itakuwa umeiviringa.

Hatua ya 1: Jua unachokiangalia

Series II ilianza 1958, IIA ikafuata 1961, na Series III ikatoka 1971 hadi 1985. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni dashibodi: II na IIA zina mita zao katikati, Series III inazo mbele ya dereva, na grili yake ni ya plastiki. Ila usiishie hapo. Kwa umri wa magari haya, ni kawaida kukuta mabawa ya moja, milango ya nyingine na giaboksi ya tatu. Hilo si kosa kwa gari la kazi. Ni kosa tu pale unapouziwa kwa bei ya "orijino".

Kwa anayeanza, ninapendekeza Series III bila kusita. Gia zake zote nne za mbele zina sinkronaiza (kifaa kinachofanya gia ziingie bila kugongana), wakati II na IIA zitakusumbua kwenye namba 1 na 2 mpaka mguu wako uzizoee. Betri yake inachajiwa na altaneta badala ya dainamo ya zamani. Na injini zake za lita 2.25 kuanzia 1980 zina beringi kubwa tano za krenki badala ya tatu. Huku kwetu hazikuwa ngeni hata kiwandani: Kenya ziliunganishwa Thika kwenye kiwanda cha Leyland, na ndiyo sababu moja ya kuziona nyingi pande zote mbili za mpaka.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya boneti

Omba kadi ya gari. Kenya ni logibuku. Kisha tafuta namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe: imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye pembe ya chasisi inaposhikiliwa springi. Utahitaji brashi ya waya na subira. Kibati kilichopigwa ribiti ndani ya gari hakitoshi kuwa ushahidi, maana ribiti inatoka kwa dakika moja na kibati kinahama. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa kushoto.

Mambo matatu hukwamisha watu hapa. La kwanza, injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa. Magari mengi yalishatiwa injini za Toyota, Nissan au Isuzu, na badiliko hilo linatakiwa lionekane TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). La pili, gari lililokuwa na namba za STK, SU au DFP (za serikali, mashirika ya umma au miradi ya wafadhili) likauzwa mnadani: taka nyaraka za mnada ule, siyo maelezo ya mdomo. La tatu ndilo zito zaidi: mwenye gari alishafariki, na anayekuuzia ni mtoto au mpwa wake. Kama hajateuliwa msimamizi wa mirathi, hana anachokuuzia, hata kama funguo anazo na mama yake mzazi amekuandalia chai.

Ikigoma hatua hii, ondoka. Kutu inachomelewa; karatasi haichomelewi.

Hatua ya 3: Lala chini

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Chasisi ya 109 ni mabati ya chuma yenye unene wa karibu milimita 2, yaliyochomelewa yakawa boksi lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia kwenye uwazi huo na hayatoki. Kwa hiyo chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Siku unayoona kutu kwa macho, ndani kulishakwisha zamani.

Tandika turubai. Zuia magurudumu kwa mawe. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. 109 iko juu vya kutosha, unaingia bila kuinua chochote.

Sasa gonga. Anza mahali ambapo huna shaka, mfano katikati ya chasisi chini ya mlango, usikilize mlio wa chuma kizima: unalia, unarudi mkononi. Kisha fuata mpangilio huu, ukiandika kila sehemu kwenye daftari.

Krosi memba ya nyuma, yaani chuma kilichokingama kinachobeba ndoano ya kuvutia. Hii huoza kwanza karibu kwenye kila gari.

Juu ya chasisi, usawa wa ekseli ya nyuma. Magurudumu hurusha matope hapo, yanakaa juu ya boksi miaka na miaka. Huwezi kupaona; ingiza mkono na bisibisi.

Eneo lililofichwa na tangi la mafuta, chini ya kiti cha mbele upande wa kulia. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Mulika kutoka nyuma ya tangi na kutoka mbele yake.

Mikono ya chasisi, yaani vile vyuma vinavyochomoza ubavuni kushikilia ukuta wa mbele na sakafu ya nyuma. Ikiliwa, milango hukataa kufunga.

Vishikio vya springi, vyote. Hapa usikubali "kidogo tu". Kishikio kikiachia barabarani, ekseli inakwenda inakotaka.

Pembe mbili za mbele zinazobeba bampa.

Mlio ukibadilika ukawa butu kama wa debe lililojaa mchanga, chukua bisibisi na usukume kwa nguvu. Muuzaji akikukataza kusukuma, umeshapata jibu. Nenda na heshima, mwombe ruhusa kabla: "Mzee wangu, naomba niguse chasisi, nikitoboa nitakuambia." Wauzaji waungwana hukubali.

Halafu sumaku. Watu hupitisha sumaku kwenye bodi kutafuta puti, wanaona haishiki popote wanapiga kelele. Bodi ya gari hili ni aluminiamu, sumaku haishiki kamwe. Sumaku yako ni ya chasisi na ukuta wa mbele, ambako inapaswa kushika kila mahali. Isiposhika, umekuta puti au faiba iliyopakwa rangi juu ya tundu.

Ogopa lami mbichi. Chasisi iliyopakwa lami mwezi huu kwa ajili ya kuuzwa ni chasisi iliyofichwa. Na ogopa kiraka juu ya kiraka: kiraka kimoja kilichokatwa vizuri ni matengenezo, lakini mabati matatu yaliyopandiana maana yake kila fundi aliona uozo akaufunika.

Mwisho, pima mshazari. Kutoka kishikio cha springi mbele kushoto hadi kishikio cha nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya upana wa kidole, gari liliwahi kugonga au chasisi imepinda.

Hatua ya 4: Ukuta wa mbele

Ni ule ukuta unaotenganisha injini na kebini, unaobeba kioo, milango na stelingi. Tofauti na bodi, huu ni chuma, na baada ya chasisi ndio unaogharimu zaidi. Inua zulia. Kanyaga sakafu panapokaa miguu ya dereva na ya abiria. Angalia chini ya nguzo za milango penye bawaba, na kona mbili za juu chini ya kioo. Tikisa mlango ukiwa wazi: mlango ukipanda na kushuka pamoja na nguzo, tatizo si bawaba.

Hatua ya 5: Bodi

Pita haraka. Aluminiamu iliyobonyea haiui gari, na mabawa, milango na boneti vyote vinafunguka kwa nati. Tazama tu penye unga mweupe, pale aluminiamu inapogusana na chuma. Vyuma hivyo viwili vikikutana na unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa. Ndiyo maana gari lililoishi Dodoma au Arusha kwa kawaida lina hali nzuri kuliko lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja, hata kama la bara limekunjamana zaidi. Ningenunua la Dodoma lenye sura mbaya.

Hatua ya 6: Injini, ikiwa baridi

Fika mapema, uguse bloku kabla ya salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, imewashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka. Rudi kesho.

Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Fungua kifuniko cha rejeta, uone kama kuna mafuta yanaelea. Washa. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili. Kama una kipima kompresheni, silinda nne ziwe zinakaribiana. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, uliza bei upya.

Siandiki mengi hapa kwa makusudi. Injini ya 2.25 ni ngumu kufa, mafundi wanaijua, spea zake zinapatikana, na inatolewa kwa siku moja. Injini mbovu kwenye chasisi nzima ni bahati. Injini nzuri kwenye chasisi mbovu ni mtego.

Hatua ya 7: Endesha

Dakika 30, lami na vumbi. Jaribu gia zote, breki mara kadhaa, na hendibreki mlimani. Kwenye vumbi bonyeza kirungu cha njano kuingiza magurudumu manne, kisha simama kabisa uvute mkono mwekundu nyuma kuingiza gia nzito. Ukirudisha mwekundu mbele, cha njano kinaruka juu chenyewe. Kisiporuka, kumbuka kuandika.

Tazama matufe ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Yawe laini na yanang'aa. Yakiwa na vishimo vya kutu yatakata sili na kumwaga oili, na sili mpya haitasaidia mpaka tufe libadilishwe.

Hatua ya 8: Bei na mkataba

Soma daftari lako mbele ya muuzaji, bila kulikashifu gari lake. Kwa kila kasoro, mweleze muuzaji kiasi ambacho fundi wako atatoza. Ukishapata bei mliyokubaliana, jiulize swali moja: kama nikikuta tatizo lingine kubwa kama haya yote kwa pamoja, bado nitaweza? Kama hapana, bei hiyo si yako.

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye namba ya chasisi mliyoisoma kwenye chuma. Bakiza sehemu ya malipo mpaka umiliki uhame TRA. Usikubali ahadi ya "tutabadilisha majina baadaye". Baadaye hiyo muuzaji huwa amehama mji.

Hatua ya 9: Lifikishe nyumbani likiwa limebebwa

Najua hamu ya kuliendesha. Nami nilikuwa nayo. Gari lililosimama miaka lina mipira ya breki iliyokauka, tangi lenye kutu na matairi yenye nyufa. Lipandishe kwenye lori.

Hatua ya 10: Fumua kabla hujanunua kipuri chochote

Kosa linalokula pesa za wengi ni kurudi na gari Ijumaa na kununua viti vipya Jumamosi. Usinunue kitu. Kwanza:

1. Chomoa betri.
2. Piga picha kila upande, hasa njia za waya na mabomba.
3. Miminia nati zote mafuta ya kulainisha kutu, subiri siku 2, rudia.
4. Toa viti, sakafu, tangi la mafuta na mabawa ya mbele.
5. Kila nati itie kwenye mfuko wake wenye jina. Kopo moja la nati zote ni laana ya miezi sita.
6. Osha chasisi kwa maji ya presha, kwangua lami na rangi mpaka chuma.
7. Gonga upya kila mahali na uzungushie chaki panapozama.

Siku hii ndiyo utakayokutana na kazi usiyoitarajia. Ukaguzi wa hatua ya 3 hupunguza ukubwa wake, hauiondoi. Usikate tamaa siku hiyo hiyo, wala usiamue chochote siku hiyo hiyo. Piga picha, hesabu alama za chaki, lala.

Hatua ya 11: Amua njia ya chasisi

Alama chache, mbali na vishikio vya springi: kata uozo wote mpaka chuma safi, shona bati la milimita 2 hadi 3 lililochongwa kufuata umbo. Usifunike. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hupasua mshono wake chenyewe.

Upande mmoja umekwisha, hasa nyuma: kata kipande kizima, unda kingine. Kabla ya kukata, liweke gari sawa kwenye stendi za chuma, funga vyuma vya kushikilia umbo, na kata upande mmoja kwa wakati. Pima mshazari kabla, katikati ya kazi na baada. Mimi nilipita njia hii.

Alama zimejaa pande zote mbili: chasisi nyingine. Ama utafute nzima kutoka gari lililokufa bodi, yenye karatasi zake, ama uagize mpya. Uingereza wapo wanaotengeneza chasisi mpya za 109 zilizochovywa kwenye zinki. Ongeza usafiri, ushuru na utaratibu wa namba TRA kabla ya kusema ndiyo. Kwa gari la kawaida la kazi, mara nyingi njia hii inagharimu kuliko gari lenyewe, na hapo kuliuza vipande vipande si aibu.

Hatari tatu zisizosameheka:

Tangi la petroli litoke kabisa na kupelekwa mbali kabla ya kuchomelea. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Rilei ya stelingi, yaani kiungo kinachopokea mzunguko wa stelingi na kuupeleka kwenye magurudumu, iko ndani ya krosi memba ya mbele na ina springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Usiifungue ukiwa umeiegemezea uso. Wapo walioumia.

Vumbi la breki za zamani huenda lina asbesto. Usilipulizie kwa upepo. Lilowanishe kwa maji ufute.

Hatua ya 12: Mfuatano wa kazi

Chasisi na ukuta wa mbele. Kisha breki, springi na stelingi. Kisha mabomba ya mafuta na waya. Kisha injini na giaboksi. Rangi mwisho kabisa. Mtu anayeanza na rangi huishia kuichoma kwa mashine ya kuchomelea. Mshono ukishapoa, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu mimina mafuta mazito ndani ya boksi la chasisi kupitia matundu yake, na rudia kila mwaka kabla ya masika.

Gari limekwisha, lakini...

*Kanyagio la breki linazama hata baada ya kutoa upepo mara tano.* Kwenye 109 hili ni la kawaida. Kaza viatu vya breki kwenye magurudumu yote mpaka yasizunguke, toa upepo, kisha legeza kidogo kidogo. Likiendelea kuzama polepole ukiwa umelikanyaga, tatizo ni masta silinda, yaani pampu kuu ya breki.

*Hendibreki haishiki.* Haipo kwenye magurudumu. Iko kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), nyuma ya giaboksi, na sili ikivuja oili inalowanisha viatu vyake. Badilisha sili kwanza, viatu baadaye.

*Stelingi nzito, hairudi yenyewe baada ya kona.* Rilei imekauka. Ifungue kwa tahadhari niliyotaja, isafishe, itie mafuta.

*Linatangatanga barabarani.* Angalia ncha za tairodi (vyuma vinavyounganisha stelingi na magurudumu), bushi za springi na beringi za matufe. Kukaza skrubu ya boksi la stelingi bila kuangalia hayo kutaficha tatizo na kuharibu boksi.

*Injini ya petroli inatetemeka ukiiacha bila kukanyaga mafuta.* Kwenye kabureta ya Zenith, kifuniko cha juu hupinda. Kitoe, kisugue juu ya kioo bapa chenye msasa laini mpaka uso wote ushike, weka gasketi mpya. Hakikisha pia nafasi ya valvu zote ni milimita 0.25.

*Ya dizeli haiwaki asubuhi.* Plagi za kupasha moto za injini ya zamani zimeungwa kwa mfululizo kama taa za mapambo: ikifa moja, zote nne zinakufa. Pima moja moja.

*Taa hafifu wakati betri ni nzima.* Waya wa kurudisha umeme umeshikwa kwenye aluminiamu yenye rangi. Vuta waya kutoka kwenye taa hadi kwenye chasisi. Na kama gari lako ni la kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, chunguza kwanza ncha ipi ya betri imefungwa kwenye chasisi. Huenda ni chanya, na kama liliwekewa altaneta itaungua ukigeuza.

*Oili ya giaboksi inapungua, lakini chini hakuna tone.* Pima boksi dogo la nyuma yake, lile linalogawa nguvu mbele na nyuma. Likiwa limejaa kupita kiasi, oili inavuka kupitia sili ya kati. Si dharura: ongeza oili ya gia ya EP90 kwenye giaboksi, punguza kwa mwenzake, na panga kuifungua siku utakapotoa klachi.

*Mlio wa "tak" kila unapoachia na kukanyaga mafuta.* Shika propela kwa mikono miwili, uizungushe huku na huku gari likiwa limezuiwa kwa mawe. Misalaba yake ikicheza, badilisha hiyo. Isipocheza, toa shafti za magurudumu ya nyuma uangalie meno. Ukikuta yamepinda kama parafujo, usisafiri nazo. Nunua jozi, si moja.